Habari za Walimu Weusi wa Marekani na Shule za Mashamba

Sisi tuliofundisha katika shule za mashamba twajua neno moja ambalo wakubwa wa elimu hulisahau mara kwa mara. Kujenga nyumba ya shule si kazi ngumu sana. Watu wakipatana, miti hukatwa, udongo hukandwa, na mwezi ukiisha nyumba imesimama. Kazi ngumu ni kumpata mwalimu atakayekubali kukaa ndani yake. Mwenye kujua sana hupenda mji, na mwenye kukubali shamba mara nyingi hajui ila kidogo kupita wanafunzi wake. Tena shule iliyo na shida kuliko zote ndiyo ipewayo mwalimu wa mwisho, naye mwalimu huyo ndiye apewaye mshahara wa mwisho.

Shida hiyo si yetu peke yetu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji habari za watu wengine walioshindana nayo muda mrefu, nao ni watu weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Habari zao zatuhusu, kwa maana njia yao ya kuwafundisha walimu ililetwa hata Kabete katika nchi ya Kenya, na mtu mmoja wa Kenya alivuka bahari akaisoma huko huko ilikozaliwa, kisha akarudi akafanya neno ambalo walioileta hawakulitazamia.

Twaanza na siku za utumwa. Katika majimbo mengi ya kusini ilikuwa ni kosa la sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Virginia walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1831, na South Carolina mwaka 1834. Sababu yake si vigumu kuijua: mtumwa asomaye aweza kujiandikia cheti cha njia, aweza kusoma gazeti, aweza kusoma Kitabu cha Kutoka. Walakini walikuwako waliojifunza kwa siri, na waliowafundisha kwa siri. Mmoja wao alikuwa Mary Peake, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, aliyekaa katika mji wa Hampton huko Virginia. Kabla ya vita alifundisha nyumbani mwake kwa hofu. Vita vilipoanza mwaka 1861, watumwa wengi walikimbilia ngome ya Fort Monroe iliyokuwa mikononi mwa jeshi la kaskazini, karibu na mji ule. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mary Peake, akisaidiwa na chama cha wamisionari kiitwacho American Missionary Association, akaanza kufundisha kwa wazi, watoto mchana na watu wazima usiku. Watu wa Hampton husimulia ya kuwa masomo ya kwanza yalifanyika chini ya mti mkubwa wa mwaloni. Mwanamke huyo alikuwa na ugonjwa wa kifua, akafundisha hata akiwa kitandani, akafa mwezi wa Februari 1862. Mti ungali umesimama.

Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa, na watu kadiri ya milioni nne wakawa huru. Wengi sana katika hao hawakujua herufi moja, na wote walitaka kujua. Wazee walikaa benchi moja na wajukuu wao. Walimu walitoka kaskazini, wengi wao wanawake weupe waliotumwa na makanisa, na kazi yao twaiheshimu. Lakini wangetosha vipi? Na hao waliokuja, wengi walirudi kwao baada ya miaka michache, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kuchoka, na wengine kwa sababu wenyeji weupe waliwachukia na kuzichoma shule zao. Ndipo ilipoonekana wazi ya kuwa watu hao hawatapata walimu mpaka walimu watoke miongoni mwao wenyewe.

Kwa hiyo mwezi wa Aprili 1868 chuo cha Hampton kikafunguliwa, na mkubwa wake wa kwanza akawa Samuel Chapman Armstrong. Mtu huyu alizaliwa katika visiwa vya Hawaii mwaka 1839, mwana wa mmisionari, akawa askari katika vita na kuwaongoza askari weusi. Huko Hawaii aliona shule za misioni ambamo vijana walisoma vitabu na kufanya kazi za mikono pamoja, akaifuata njia hiyo Hampton. Wanafunzi walilima, walifua, walipika, walijenga, na kwa kazi hiyo walilipa chakula chao. Watu wengi hudhani ya kuwa Hampton ilikuwa shule ya mafundi. Sivyo. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwatoa walimu, na wengi waliohitimu siku zile walikwenda kufundisha.

Mmoja wa waliofika pale ni Booker Washington. Alizaliwa mtumwa mwaka 1856. Mwaka 1872 alisafiri maili mia tano, mara kwa gari na mara kwa miguu, akafika mchafu na mwenye njaa. Mwalimu wa kike aliyempokea hakumpa karatasi ya mtihani. Alimpa ufagio, akamwambia afagie chumba. Alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne, na ndivyo alivyoingia shuleni. Kisa hiki walimu wengi wa nchi zetu walikisikia wakiwa wanafunzi, na pengine walikisikia mara nyingi kupita kiasi, hasa asubuhi za kufagia.

Kisichosimuliwa mara nyingi ni habari za siku ya kwanza huko Tuskegee. Bunge la jimbo la Alabama lilikubali kutoa dola 2,000 kila mwaka ili chuo cha walimu weusi kiwepo. Fedha hiyo ilikuwa ya mishahara ya walimu tu. Haikuruhusu kununua kiwanja wala kujenga nyumba. Basi Washington alipofungua chuo tarehe 4 Julai 1881 hakuwa na kitu ila kibanda kibovu na kanisa la karibu alilokopeshwa. Wanafunzi 30 walikuja, nao hawakuwa watoto. Wengi wao walikuwa tayari ni walimu wa shule za mashamba, na wengine walikaribia miaka arobaini. Wengine walikuja pamoja na wanafunzi wao, na walipopimwa wote, mara nyingine mwanafunzi aliwekwa katika darasa la juu kuliko mwalimu wake. Twaomba msomaji aitafakari aibu ile. Mtu mzima, aliyeitwa mwalimu na kijiji kizima, akaketi nyuma ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Walakini walikaa. Kwa maoni yetu hao watu 30 ndio waliojenga Tuskegee, zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Mahali pa chuo palinunuliwa kwa dola 500, nazo nusu zilikopwa kutoka kwa mtunza fedha wa Hampton, aliyezitoa mfukoni mwake. Olivia Davidson, mwalimu mwenzake Washington, alizunguka mji nyumba kwa nyumba akiomba msaada kwa weupe na weusi. Washington aliandika habari za mama mmoja mzee, aliyekuwa na umri wa kadiri ya miaka sabini, aliyekuja amevaa matambara akileta mayai sita aliyoyaweka akiba, ayatoe kwa ajili ya elimu ya vijana. Kisha wakataka kufyatua matofali. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaharibika. Washington akaiweka saa yake rehani kwa dola 15, na kwa fedha hiyo wakachoma tanuru la nne, nalo likafaulu. Saa yenyewe hakuikomboa kamwe.

Hapa yatupasa kusema neno la upande wa pili, kwa maana historia haifai kusimuliwa kama hotuba ya siku ya kufunga shule. Katika safari zake za Alabama Washington alimwona kijana mmoja katika nyumba ya chumba kimoja, nguo zake zina mafuta, uwanja umejaa magugu, naye ameketi akisoma sarufi ya Kifaransa. Aliliandika jambo hilo kuwa la kusikitisha. Mtu mweusi mwingine, W. E. B. Du Bois, hakukubaliana naye. Du Bois alisoma Fisk na Harvard, na alipokuwa mwanafunzi wa Fisk alifundisha wakati wa likizo katika shule ya shamba huko Tennessee, kibanda kisicho na madawati ya kutosha. Alijua shamba. Mwaka 1903 alitoa kitabu chake The Souls of Black Folk, na ndani yake akauliza: ikiwa watu weusi watafundishwa kazi za mikono tu, nani atakayewafundisha walimu? Hata walimu wa Tuskegee yenyewe walitoka katika vyuo vya elimu ya juu. Tena aliona jambo baya zaidi, yaani ya kuwa weupe wengi walipenda elimu ya jembe kwa sababu mtu aliyesoma jembe hataomba kupiga kura.

Sisi twamwona Du Bois kuwa alisema kweli katika hilo. Lakini kwa habari ya kijana yule, hatuoni kosa lolote katika kitabu cha Kifaransa. Kosa lilikuwa magugu, na magugu hung'olewa kwa saa moja.

Mashindano ya hao wakubwa wawili yamejaza vitabu vingi. Kazi yenyewe ilifanywa na watu wasiojulikana sana, na hao ndio tuliokusudia kuwaeleza.

Palikuwa na bibi mmoja mjini Philadelphia, jina lake Anna Jeanes, wa dhehebu la Marafiki, jina linalojulikana na ndugu zetu wa Kaimosi, ambako misioni ya Marafiki ilianza mwaka 1902. Alikuwa tajiri, hakuolewa, naye alikuwa mzee sana. Watu walimwendea wakiomba fedha kwa ajili ya vyuo vikubwa. Yeye alitaka kuzisaidia shule ndogo za mashamba, zile ambazo hakuna aziombeaye. Mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa kazi hiyo, na mwaka huo huo akafa. Mkubwa wa mfuko huo akawa James Dillard, mtu mweupe wa kusini aliyekuwa mwalimu wa Kilatini katika chuo kikuu huko New Orleans. Booker Washington alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Fedha zilikuwako sasa, lakini zitumiweje? Ukizigawa kwa shule zote za mashamba, kila moja itapata chaki na kitana.

Jibu lilitoka kwa mwalimu wa kike wa wilaya ya Henrico, katika Virginia. Jina lake Virginia Randolph, na wazazi wake walikuwa watumwa. Mwaka 1892 alipewa shule ya chumba kimoja iitwayo Mountain Road. Aliikuta chafu, uwanja wake matope. Alisafisha, akapaka chokaa, akaleta changarawe, akapanda maua. Kisha akawafundisha watoto kushona, kupika na kusuka vikapu, pamoja na kusoma na kuhesabu. Wazazi wengine wakakasirika. Walisema watoto wao wamekwenda shule kujifunza vitabu. Kazi za mikono walizifanya baba zao na mama zao katika utumwa, na inatosha. Wakataka aondolewe. Hawakuwa wajinga hao wazazi. Walisema alilolisema Du Bois, ila wao hawakuandika kitabu. Bibi Randolph hakubishana nao. Aliwatembelea nyumba kwa nyumba, akawauguza wagonjwa wao, akafundisha watoto wao siku za Jumapili, hata wakamwamini. Mwezi wa Machi 1908 aliwakusanya wazazi na watoto wakapanda mikuyu ya Kizungu kumi na miwili katika uwanja wa shule, akaipa majina ya mitume kumi na wawili. Katika jimbo lile lote hapakuwa na sikukuu ya kupanda miti iliyotangulia hiyo.

Msimamizi wa shule za wilaya, kijana mweupe jina lake Jackson Davis, alipoiona shule ile alishangaa. Alikuwa na shule za watu weusi zaidi ya ishirini katika wilaya yake, na nyingi zilikuwa katika hali mbaya. Akafikiri hivi: kama mwalimu huyu mmoja aliweza kuigeuza shule yake, mbona asipewe nafasi ya kuwasaidia wenzake? Akaomba mshahara kwa Dillard, na tarehe 26 Oktoba 1908 Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes. Hakuwa na darasa tena. Alipanda gari la farasi akaenda shule hata shule.

Twataka kukaa kidogo katika kazi hii, kwa maana ndiyo siri ya mambo yote. Mwalimu wa Jeanes hakuwa mkaguzi. Mkaguzi huja na daftari, huhesabu watoto, huuliza kwa nini paa linavuja, kisha huenda zake, na mwalimu hubaki na paa lake. Tunaoyaandika haya tumewapokea wakaguzi wa namna hiyo, tena tuliwachinjia kuku. Mwalimu wa Jeanes aliingia darasani akafundisha somo mwenyewe huku mwenye darasa akitazama. Alikaa baada ya masomo akamsaidia mwalimu kupanga kazi ya juma. Aliwakutanisha wazazi wakaunda chama cha kuitengeneza shule, wakauza chakula jioni moja, na kwa fedha hiyo wakanunua jiko la moto au wakatia vioo madirishani. Dillard hakumpa Bibi Randolph kitabu cha amri. Alimwachia afanye lile linalohitajiwa kwanza, kisha linalofuata. Katika kijiji kimoja hilo lilikuwa kisima, katika kingine lilikuwa hesabu.

Bibi Randolph aliandika taarifa ya mwaka wake wa kwanza, na Dillard akaichapa nakala elfu moja akazipeleka katika majimbo ya kusini. Muda si muda wilaya nyingine zikaomba. Katika mwaka wa shule wa 1909 hata 1910 walimu wa Jeanes walikuwa 129, katika majimbo 13. Karibu wote walikuwa wanawake weusi, na karibu wote walikuwa wamefundisha kwanza katika shule zile zile za mashamba. Wakati wa kiangazi walikutanishwa vyuoni wakajifunza, kisha wakarudi. Kadhalika tangu mwaka 1911 zilianza kufunguliwa shule za wilaya za kuwaandaa vijana wa mashamba wenyewe kuwa walimu, ili wasiende mbali na kusahau njia ya kurudi.

Habari za majengo twazipita upesi, ingawa ni kubwa. Julius Rosenwald, mfanyabiashara Myahudi wa Chicago, alikutana na Washington mwaka 1911, na tangu mwaka 1912 akaanza kusaidia ujenzi wa shule za mashamba. Hakutoa gharama yote. Alitoa sehemu, na watu na serikali za wilaya walipaswa kutoa sehemu yao. Kazi ilipokwisha mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo zaidi ya 5,300 katika majimbo 15, na zaidi ya 200 katika hayo yalikuwa nyumba za walimu. Mfuko wa Rosenwald ulitoa zaidi ya dola milioni nne. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa pamba wasio na mashamba yao, walitoa dola milioni nne na laki saba, yaani walimpita tajiri. Mara nyingi mwalimu wa Jeanes ndiye aliyezikusanya, senti kwa senti.

Sasa twaja kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika nchi za Afrika Mashariki kuitazama elimu. Mkubwa wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton. Pamoja naye alikuwako Dokta Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliyekuwa amefundisha miaka mingi katika chuo cha watu weusi huko North Carolina. Tume iliona shule ndogo nyingi za misioni vijijini, na walimu wake wengi wamesoma miaka miwili au mitatu tu, nao wako peke yao, mmisionari huwafikia mara chache. Ikawakumbuka walimu wa Jeanes. Mwaka 1925 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani, ikafungua Shule ya Jeanes huko Kabete, na mkubwa wake akawa James Dougall wa misioni ya Scotland, aliyekuwa katibu wa tume ile.

Misioni zilichagua waalimu waliokwisha kufundisha, zikawapeleka Kabete muda wa miaka miwili. Walikwenda pamoja na wake zao na watoto, na kila jamaa ikapewa nyumba na bustani. Mume alijifunza kufundisha na kuwasaidia walimu wenzake, kilimo, afya na useremala. Mke alijifunza malezi ya watoto, mapishi na usafi wa nyumba. Kisha walirudi kwao, mume akazizungukia shule za vijiji vya karibu. Jambo la kumpeleka mke pamoja na mume lilikuwa jipya, nalo lilikuwa la busara. Mwalimu aliyejifunza peke yake hurudi na fikara ambazo nyumba yake mwenyewe haizielewi. Nchi nyingine zikaiga, na Nyasaland wakafungua shule yao ya Jeanes.

Lakini lile neno la wazazi wa Mountain Road likasikika hata Kenya. Watu wengi, hasa katika Ukikuyu, waliiona elimu hii kuwa njia ya kumfanya Mwafrika awe mkulima msafi na mtumishi mwema, asipite hapo. Waliuliza kwa nini mtoto wa mlowezi asifundishwe kusuka vikapu. Swali hilo halikujibiwa. Tena kulikuwa na tofauti moja kubwa: huko Virginia Bibi Randolph alianza kazi mwenyewe kati ya watu wake, na fedha ikamfuata; Kabete mpango ulikuja tayari kutoka juu, na watu wakaambiwa ni mzuri.

Mwaka 1927 Mbiyu, mwana wa chifu Koinange wa Kiambu, akaenda kusoma Hampton yenyewe. Kutoka hapo akaendelea katika vyuo vikuu vya Marekani, akarudi Kenya mwaka 1938. Wakati huo shule za kujitegemea za Wakikuyu, zilizoenea baada ya mafarakano na misioni ya mwaka 1929, zilikuwa na wanafunzi wengi na walimu wachache. Mwezi wa Januari 1939 Mbiyu akafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Hakikuwa na tajiri wa Philadelphia wala wa Chicago. Watu walichanga kwa marika yao, kila rika likishindana na jingine, na wanawake nao wakachanga. Kwa macho yetu Githunguri ilifanana na Tuskegee ya siku za mayai sita kuliko Kabete ilivyofanana nayo. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ikakifunga. Shule ya Jeanes nayo ilikuwa imeacha kuwaandaa walimu hao tangu siku za vita vya pili; mahali pake baadaye pakawa chuo cha watumishi wa serikali, na hata leo ndipo ilipo Kenya School of Government.

Turudi Marekani, maana mambo hayakwisha vizuri kama msomaji atakavyodhani.

Katika miaka hiyo yote mwalimu mweusi alilipwa chini ya mwalimu mweupe kwa kazi ile ile na cheti kile kile. Mjini Norfolk, katika Virginia, mwalimu Aline Black alipeleka neno hili mahakamani, na mwaka 1939 akanyimwa kazi. Mwenzake Melvin Alston akashika mahali pake katika daawa. Yeye alipata dola 921 kwa mwaka, ambapo mwalimu mweupe wa daraja lake alipata 1,200. Mwaka 1940 mahakama ya rufani iliamua ya kuwa tofauti iliyofanywa kwa sababu ya rangi tu ni kuvunja katiba.

Kisha mwaka 1954 mahakama kuu ya nchi ikaamua katika daawa ya Brown ya kuwa kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali si halali. Watu weusi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini majimbo ya kusini yalipolazimishwa kuziunganisha shule, mara nyingi yalizifunga shule za weusi na kuwapeleka watoto kwa weupe, na walimu wao hawakuchukuliwa. Wazazi weupe hawakutaka watoto wao wafundishwe na mtu mweusi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya kuwa katika majimbo 17, kati ya 1954 na 1965, walimu na wakubwa wa shule weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi zao. Walifukuzwa wenye vyeti vikubwa, na mahali pao wakawekwa wenye vyeti vidogo. Kazi ya walimu wa Jeanes ilikoma mwaka 1968.

Kijana mweusi aliyeyaona hayo yakimpata mama yake mwalimu, angetamani ualimu kwa sababu gani? Katika mwaka wa shule wa 2020 hata 2021 walimu weusi walikuwa kadiri ya 6 tu kwa kila mia katika shule za serikali za Marekani, ijapokuwa watoto weusi walikuwa kadiri ya 15 kwa mia. Kwa hiyo nchi ile imeanza tena kuwatafuta vijana weusi wa kufundisha katika shule zenye shida, kuwalipia masomo, na kuwapa mwalimu mkubwa wa kuwaongoza katika miaka ya kwanza. Vyuo vya zamani vya watu weusi ndivyo vitoavyo sehemu kubwa ya hao wachache, na Hampton na Tuskegee vingalipo.

Virginia Randolph alifanya kazi hadi mwaka 1949. Shule yake kubwa iliungua moto mwaka 1929, ikajengwa tena kwa matofali. Hakuolewa, watoto wengi waliotoka mbali walikaa nyumbani mwake ili wapate kusoma. Alifariki mwaka 1958, miaka minne baada ya neno la Brown, kabla wilaya nyingi hazijaanza kuwaachisha kazi wenzake. Tangu mwaka 1970 nyumba ndogo ya shule yake imewekwa kuwa makumbusho, naye amezikwa katika uwanja huo. Baadhi ya ile mikuyu kumi na miwili ingali hai.